Kuongoza matembezi ya madaraja ya Kisumu, kutoka stesheni hadi Kondele

Treni ilifika Kisumu kabla ya madaraja yake kukamilika. Tarehe 20 Desemba 1901 Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli, alipigilia pini ya mwisho kando ya ziwa, kilomita 940 hivi kutoka Mombasa, mahali palipoitwa Port Florence. Huko nyuma kwenye milima ya Mau mabonde kadhaa yalikuwa bado hayajavukwa. Treni zilishushwa bondeni kwa njia za muda na kupandishwa upande wa pili. Madaraja 27 marefu ya chuma ya sehemu ile yalijengwa na kampuni ya Marekani, American Bridge Company, na ujenzi wa reli yote ukafungwa rasmi 1903.

Anzia hapo kila unapoongoza kundi, kwa sababu mgeni anayeshuka stesheni akitafuta daraja kubwa la kupigia picha hatalipata. Hakuna mto mkubwa unaoukata mji huu katikati. Kuna ziwa, kuna mito midogo kama Kisat, Auji, Wigwa na Nyamasaria, na kuna barabara zilizopandishwa juu ya barabara nyingine. Matembezi ya hapa yakiongozwa kama ya kutazama mandhari, watu huchoka kufikia saa tatu. Yaongoze kama ya kusoma. Daraja husomwa kutoka pembeni na kutoka chini. Ukisimama juu yake utaona lami na matatu tu.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu 10 hadi 15, kwa muda wa saa nne, takriban kilomita 7 pamoja na kurudi nyuma kidogo. Njia yenyewe ni stesheni na bandari, daraja la Kisat kwenye barabara ya Busia, kurudi mjini kwa mnara wa saa, kisha Barabara ya Jomo Kenyatta hadi daraja la juu la Kondele.

Siku na saa

Anza saa moja asubuhi, umalize kabla ya saa tano na nusu. Kisumu joto hupanda haraka, na mvua nyingi za hapa huja alasiri, upepo wa ziwa unapokutana na hewa ya milimani. Machi hadi Mei panga siku ya akiba tangu mwanzo.

Jumamosi ni siku nzuri. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, na soko hilo liko njiani: kundi la watu 15 likiingia kwenye msongamano ule litatoka vipande vitatu. Siku za kazi, kati ya saa moja na saa mbili na nusu, bodaboda hupanda hadi njia ya waenda kwa miguu. Sikiliza pia habari za asubuhi ile. Kukiwa na maandamano mjini, Kondele ni miongoni mwa sehemu za kwanza kufungwa, nawe ndiko unakomalizia. Ukiwa na shaka, geuza njia: anza Kondele saa moja, umalize stesheni.

Ruhusa, na mahali ambapo barua haisaidii

Barabara na njia za miguu hazihitaji ruhusa. Bandari inahitaji. Andikia usimamizi wa bandari angalau wiki mbili kabla, ukitaja tarehe, saa ya kuingia na kutoka, sehemu mnayotaka kuona, na orodha ya majina yenye nambari za vitambulisho au pasipoti. Kundi lililoorodheshwa watu 12 likifika 15, askari wa langoni atakuwa na haki ya kuwarudisha wote. Barua isipojibiwa, usibahatishe. Simama nje ya lango, eleza kwa picha.

Reli ni jambo jingine. Njia ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilifanyiwa ukarabati na treni zinapita. Hakuna barua itakayomfanya mtu awe salama juu ya daraja la reli lisilo na njia ya miguu. Kataza tangu mwanzo, tena kwa sauti: hakuna kutembea relini, hakuna picha katikati ya mataruma. Madaraja ya reli ya upana wa mita moja hayana nafasi ya kujibanza pembeni treni ikija, na behewa huzidi upana wa reli kwa kiasi kikubwa kila upande.

Ukitoza ada na kuifanya kazi hii mara kwa mara, jua kwamba waongozaji wa watalii husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kwa wanafunzi, mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane, na barua ya mzazi.

Pita njia mara mbili kabla

Mara ya kwanza siku kavu, mara ya pili asubuhi inayofuata mvua kubwa. Hiyo ya pili ndiyo ya maana. Utaona njia ipi ya kushukia mtoni imegeuka utelezi wa matope, kalvati ipi, yaani njia ya maji chini ya barabara, imeziba, na alama mpya ya maji imefika wapi kwenye ukuta. Andika mambo manne kwa kila kituo: pa kusimama watu 15 bila kuziba njia, kivuli kiko wapi saa hiyo, choo kilicho karibu, na pa kukimbilia mvua ikinyesha.

Pima kelele pia. Simama unapotaka kuongea, mweke mwenzako hatua kumi mbali, msomee sentensi kwa sauti ya kawaida. Akishindwa kuirudia, hamisha kituo. Chini ya Kondele karibu kila mahali utashindwa, nitalirudia hilo.

Vifaa

Kila mtu lita moja na nusu ya maji, kofia, na viatu vilivyofungwa mbele. Mwenye ndala usimshushe ukingoni mwa mto, vipande vya chupa ni vingi.

Mwongozaji abebe:

- kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita, na jiwe la nusu kilo lililofungwa mwishoni;
- utepe wa kupimia wa mita 5, na saa yenye kuhesabu sekunde;
- chaki, filimbi, na sanduku dogo la huduma ya kwanza;
- vizibao viwili vya kung'aa, kimoja chake na kingine cha mfunga msafara;
- picha za zamani zilizochapishwa kwa ukubwa wa A3 na kufunikwa kwa plastiki. Simu haifai, jua la Kisumu hulifanya skrini kuwa kioo.

Mfunga msafara si mapambo. Yeye ndiye hufunga kila kuvuka barabara: mwongozaji akishavuka, hakuna anayemfuata mpaka mfunga msafara ainue mkono.

Somo la dakika kumi kabla ya kuondoka

Wape watu majina ya sehemu nne tu, na waziguse pale zinapogusika. Kuna kuta mbili za mwisho, zile zinazolishika daraja kwenye kingo za mto na kuzuia udongo wa barabara usimwagike. Kuna nguzo za katikati. Kuna boriti zinazolala kutoka nguzo hadi nguzo. Kuna sakafu inayobeba magari. Daraja lolote la Kisumu wanaweza kulieleza kwa maneno hayo. Kalvati ya sanduku wataitambua wenyewe: zege limezunguka pande zote nne, chini likiwa na sakafu, hakuna boriti wala nguzo.

Halafu wafundishe kukadiria umri, lakini kwa tahadhari. Chuma kilichounganishwa kwa ribiti, yaani pini nene zenye vichwa vya mviringo kama vifungo vilivyopangwa mstari, kwa kawaida ni cha nusu ya kwanza ya karne ya 20. Chuma kilichochomelewa au kukazwa kwa bolti nene za kisasa ni cha baadaye. Zege lenye alama za mbao nyembamba, hata mistari ya nyuzi za mti ikaonekana, lilimwagwa ndani ya fremu za mbao zilizopigiliwa ubao kwa ubao; zege laini lenye mistari mirefu michache lilitoka kwenye mabamba makubwa ya plaiwudi au chuma.

Tahadhari yenyewe ni hii: shirika la reli halitupi chuma. Boriti iliyotolewa kwenye daraja moja huhamishiwa jingine, na reli kuukuu hukatwa zikawa nguzo za ua, za taa au za kingo. Ukikuta nguzo ya namna hiyo mahali pa umma, chunguza ubavu wake mwembamba. Viwanda vilizoea kuacha jina na mwaka kwa herufi zilizoinuka. Sugua vumbi kwa kidole, paka chaki ubavuni, na mara nyingi utasoma. Mwaka huo ni wa reli. Hauwi mwaka wa ukuta uliosimikwa kando yake.

Kituo cha kwanza: stesheni na bandari

Dakika 40 ukiingia bandarini, 20 ukibaki nje.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini reli iliyoishia Kisumu iliitwa reli ya Uganda. Jibu fupi: ilipofika, Kisumu ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Mkoa ule wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Reli ilimalizikia Uganda bila kuondoka hapa.

Usipite bila kutaja walioijenga. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India chini ya mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika nao walifanya kazi ya kuchimba, kubeba na kukata miti kwa ujira mdogo. Sema hivyo ukiwa umesimama stesheni, kabla watu hawajaanza kustaajabia chuma.

Kisha onyesha daraja ambalo hakuna anayeliita daraja. Kuanzia miaka ya 1960 mabehewa ya treni yalikuwa yakiingizwa melini hapa, kwenye MV Uhuru, na kuvushwa ziwa yakiwa na mizigo yake. Ili behewa liingie melini, reli ya nchi kavu na reli ya sitaha zikutane sawasawa, na meli hupanda na kushuka kwa uzito wa mizigo na kwa kimo cha ziwa. Ndiyo sababu gati la namna hiyo huwa na kipande cha daraja chenye bawaba upande wa nchi kavu, kinachoinuliwa na kushushwa upande wa maji.

Hapo ndipo pa kuongea juu ya kimo cha ziwa, maana kila daraja la Kisumu hatimaye humwaga maji yake humo. Baada ya mvua za 1961 hadi 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 likafikia kimo kile cha 1964. Ziwa likipanda, mito midogo inayoingia humo hupoteza mteremko, maji hurudi nyuma, na tope hutua chini ya madaraja. Kariri hilo moyoni, litawafaa kituo kinachofuata.

Kituo cha pili: Kisat

Hiki ndicho kiini cha matembezi. Kipe saa nzima.

Barabara ya kuelekea uwanja wa ndege na Busia huvuka Kisat, mto mdogo unaokusanya maji ya Obunga na eneo la viwanda kabla ya kuingia ghubani. Reli ya kwenda Kisian hadi Butere nayo haina budi kuyavuka maji haya. Wengi wa Kisumu wamepita juu ya Kisat maisha yao yote bila kujua kwamba wako darajani. Uliza kundi likiwa bado barabarani: daraja limeanzia wapi? Wape dakika mbili. Watakaokisia vizuri ni wale watakaogundua kwamba kingo za pembeni zimebadilika, au lami ina mwanya mwembamba unaoikata barabara.

Mwanya huo ni wa lazima pale daraja lilipo refu. Chuma na zege hupanuka kwa joto, takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Boriti ya mita 20, kati ya alfajiri ya baridi na bamba lililochomwa na jua, tofauti ya nyuzi 25, hurefuka milimita 6. Zikikosa pa kwenda zitapasua ukuta. Mwanya ukijaa mchanga na kokoto, kazi yake imekwisha, na nyufa za kwanza hutokea kwenye kona za kuta za mwisho. Tazameni huko.

Sasa kazi ya mikono, kwa mpangilio huu.

Kwanza kimo. Ukiwa kwenye njia ya miguu upande wa mkondo unakotoka maji, teremsha kamba taratibu mpaka jiwe liguse maji, hesabu mafundo, kisha liache lifike chini. Tofauti ya vipimo viwili ni kina. Mtu mmoja tu ndiye ainame, mwingine amshike mkanda.

Pili, alama za mafuriko. Kabla ya kusema lolote waache watafute: mstari wa tope ukutani, mifuko ya plastiki iliyonaswa kwenye matawi, nyasi zilizolala upande mmoja. Mfuko ulionaswa kwa kimo cha mita moja na nusu juu ya maji ya leo ni ushahidi, nao haudanganyi isipokuwa umetupwa na mtu kutoka juu. Kwa hiyo tafuta mitatu iliyo kwenye kimo kimoja.

Tatu, nafasi ya kupitisha maji. Zidisha upana wa uwazi kwa kimo chake. Masanduku mawili ya zege yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 yana meta za mraba 12. Yakijaa tope na takataka nusu, yamebaki 6, na daraja lililochorwa kwa mafuriko fulani sasa linafaa kwa nusu ya mafuriko hayo. Hapa watu huacha kutazama simu. Wengi hudhani mafuriko ya mjini ni kwa sababu daraja ni la zamani. Mara nyingi daraja lilitosha, ila sakafu ya mto imepanda.

Nne, mwendo wa maji. Pima mita 10 kando ya mto kwa utepe, weka alama mbili za chaki kwenye mawe, tupa jani kavu juu ya alama ya kwanza, hesabu sekunde. Likichukua sekunde 20, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Mto wa upana wa mita 4 na kina cha sentimita 30 una meta za mraba 1.2, zidisha kwa nusu upate meta za ujazo 0.6 kila sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo punguza kwa kuzidisha 0.85. Utapata kama lita 500 kila sekunde. Rudieni mara tatu, jani la kwanza hunaswa.

Yanayoharibika hapa ni mengi. Maji ya Kisat yana uchafu wa viwanda na majitaka, hivyo hakuna kutia mkono, na anayeshuka ukingoni anawe kwa sabuni kabla ya kula. Karibu na ziwa kuna hatari ya kichocho, kwa hiyo hata maji yanayoonekana safi hayakanyagwi. La hatari zaidi ni mvua iliyonyesha juu, Kanyakwar au Riat, huku kwenu jua likiwaka. Mapaa ya mabati na lami havinywi maji, na mto mdogo hujaa ndani ya dakika. Dalili ni tatu: rangi hubadilika kuwa kahawia, takataka huanza kusafiri kwa wingi, na sauti huongezeka. Ukiona moja, piga filimbi, watu wapande barabarani. Usingoje ya pili.

Ukiwa hapo eleza pia kinachoangusha madaraja, maana lazima mtu aulize. Mara chache ni uzito wa lori. Mara nyingi maji huchimba udongo chini ya msingi, hasa pale mto unapobanwa ukapita kwa kasi, na nguzo hubaki inaning'inia bila mtu kujua mpaka siku ya mafuriko. Kuchota mchanga karibu na daraja huharakisha jambo hilohilo. Kwenye tambarare ya Kano udongo mweusi wa mfinyanzi huongeza matatizo: ukilowa hufura, ukikauka hupasuka, na kuta fupi za pembeni husukumwa mpaka zinainama. Tumia unyoofu wa kamba yako kuonyesha ukuta ulioinama. Jicho peke yake huzoea.

Atakayetaja daraja la Sigiri kule Budalangi, juu ya Nzoia, mpe ukweli mfupi: lilianguka 26 Juni 2017 likiwa bado linajengwa. Daraja linaloanguka kabla ya kumalizika na linaloanguka kwa uzee ni kesi mbili tofauti, usiziruhusu zichanganywe.

Kurudi mjini: mnara wa saa

Tembeza kundi haraka sehemu hii. Simama kwenye mnara wa saa, Barabara ya Oginga Odinga, kwa maji na kivuli, dakika kumi. Ulizinduliwa 1938 na Gavana Brooke-Popham kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, nao ulijengwa na wanawe. Unahusu nini na madaraja? Lakha alifariki Kampala mwaka 1910, na mnara wake uko Kisumu. Reli na meli ndizo zilizofanya miji hiyo miwili kuwa duka moja lenye milango miwili. Hilo latosha, endeleeni.

Kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta tembeeni wawili wawili. Mtapita soko la Kibuye, kisha hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Mtu ataulizia yaliyotokea siku ya ufunguzi, 25 Oktoba 1969, polisi walipoufyatulia risasi umati. Jibu kwa staha, kwa sentensi mbili, na umwambie mtazungumza zaidi mkifika mwisho. Hiyo ni historia ya kusimuliwa mahali pa kukaa, si kando ya matatu zinazopiga honi.

Kituo cha mwisho: Kondele

Daraja la juu, au flaiova kama vijana wasemavyo, ni daraja lisilo na mto. Ndipo hapa kundi litaelewa lilichojifunza asubuhi, kwa sababu sehemu ni zilezile nne na zote ziko wazi bila matope.

Usiongelee katikati chini ya daraja. Kelele hurudi kutoka kwenye sakafu ya zege na hutasikika hata kwa kipaza sauti. Toa maelezo yote ukiwa mbali kidogo, pembeni, daraja zima likionekana kwa ubavu, kisha waingize chini kwa dakika kumi wakatazame kimya. Wape mambo matatu ya kutafuta.

La kwanza ni pale boriti zinapokutana na nguzo. Boriti kwa kawaida hazigusi nguzo moja kwa moja. Kuna pedi katikati, mara nyingi za mpira mweusi mgumu wenye mabamba ya chuma ndani, zinazoruhusu daraja kusogea kwa joto bila kuivuta nguzo. La pili ni njia ya maji: mabomba ya kushusha mvua kutoka juu. Yakiziba, maji hupita mwanyani na kuacha michirizi ya kahawia au meupe kwenye kichwa cha nguzo. Meupe ni chokaa inayotoka kwenye zege. Kahawia inaweza kuwa kutu ya nondo, na hiyo ni habari mbaya zaidi. La tatu ni alama za magari marefu yaliyokwaruza boriti kwa chini.

Chini ya daraja la juu hapabaki patupu. Popote penye kivuli cha bure na watu wanaopita, biashara huota: nguo, viatu, matunda, steji ya bodaboda. Hii nayo ni historia ya daraja, tena ile ambayo michoro ya mhandisi haikuiweka. Wasalimieni wenye vibanda kabla ya kutoa kamera, na nunueni kitu. Kundi linalopiga picha watu wakiwa kazini na kuondoka bila neno litafukuzwa, na kundi lijalo baada yenu litafukuzwa bila kosa.

Malizieni kwa chai na mandazi hapo Kondele, saa tano hivi, na kila mtu atumie matatu yake kurudi.

Watakaotaka zaidi

Siku ya pili, kwa gari, kuna mambo mawili yanayostahili safari.

La kwanza ni madaraja ya Mau yaliyotajwa mwanzo, kwenye reli kati ya Fort Ternan, Kipkelion na Londiani. Refu kuliko yote lilikaribia mita 270, na la juu kabisa lilizidi mita 30 kutoka bondeni. Yatazame ukiwa barabarani au shambani kwa ruhusa ya mwenye shamba, kamwe si ukiwa relini. Nenda asubuhi mapema, mvua ya huko huanza mapema kuliko Kisumu. Chukua sweta, hewa ya Londiani na ya Kisumu si moja.

La pili ni Mbita. Katika miaka ya 1980 Kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na bara kwa tuta la mawe na udongo, bila nafasi ya maji kupita. Watu walipata barabara, lakini mlango wa maji ulifungwa: maji yakatulia, magugumaji yakajaa, na mashua zikalazimika kuzunguka kisiwa. Daraja lililofungua mlango huo tena lilizinduliwa 2017. Simama juu yake ukitazama chini: maji yakikimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, rudia hesabu ya jani, ila safari hii ukiwa juu. Tupa jani upande maji yanakotoka, vuka kwa uangalifu, hesabu sekunde mpaka litokeze upande wa pili, na ugawe upana wa daraja kwa sekunde hizo.